Fyuzi ya Nyumba ya Likizo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Mtaani huitwa Chiriku.
Umri: Miaka 31
Jinsia: Mwanamke
Kazi: Mtunza nyumba ya kupangisha wageni wa likizo
Makazi: Chumba cha uani, katika nyumba hiyo hiyo
Uhusiano na mtuhumiwa: Mtuhumiwa ni mume wa dada yake
Yameanza kuandikwa: Ijumaa, tarehe 13, saa tatu na robo asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikuletwa na mtu. Naomba hilo liandikwe kabla ya mengine, kwa sababu nikitoka hapa nitaulizwa ni nani aliyenituma. Hakuna. Naogopa, lakini akili yangu iko sawa.

Nimekuja kusema kwamba shemeji yangu, mliyemweka ndani tangu juzi jioni, hakuzima umeme wa ile nyumba. Yeye amewaambia ni yeye. Si yeye. Aliyechomoa fyuzi ni dada yangu, mke wake, tumbo moja na mimi. Nilimwona kwa macho yangu.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita. Dada alikuwa na kumi na saba. Ndiye aliyenilea, akanisomesha mpaka nilipochoka mwenyewe, na alipoolewa alimwambia mumewe kwamba akimchukua yeye anachukua wawili. Kwa hiyo ninaposema Dada, Afande aelewe kwamba nasema pia mama. Watoto wake wawili wananiita Mama Mdogo na mdogo wao analala kwangu.

Nyumba ni ya Dada na Shemeji. Ina vyumba vitatu, veranda na bustani, iko karibu na ufukwe. Wageni wanaipanga kwa wiki, wengi wanatoka ng'ambo. Mimi nafua, nafagia, natandika. Dada ndiye anayepokea maombi kwenye simu na kupanga bei. Watu wanamwita Mama Risiti, maana hata muuza nyanya humdai risiti. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko upande wa pili wa mji. Ni mpole kupita kiasi. Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba samahani.

Afande ameniuliza bei ya dola inahusiana nini na umeme. Inahusiana. Nitaeleza kama nilivyoelewa, kwa sababu mezani kwetu dola ilizungumzwa kuliko hali ya hewa.

Nyumba ilijengwa kwa mkopo, na mkopo ni wa dola, kwa kuwa riba yake ilikuwa ndogo. Kila mwezi wanalipa dola mia nane. Zamani na kodi ilitozwa kwa dola, mia tisa kwa wiki. Mwaka juzi dola ikashuka. Wageni walikuja vile vile, dola zikaja vile vile, lakini Dada akizibadilisha anapata hela kiduchu za kwetu. Akalia kama aliyeibiwa. Shemeji akamwambia, "Mke wangu, deni la dola na kodi ya dola ni mapacha. Vikishuka vinashuka pamoja, vikipanda vinapanda pamoja. Usivitenganishe." Dada hakusikia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akabadilisha tangazo, akaweka bei kwa fedha ya hapa, elfu tisini kwa wiki. Siku hiyo dola moja ilikuwa mia, kwa hiyo elfu tisini ni dola mia tisa zile zile, na sote tukaona ni mamoja. Ili kuvuta wageni akaongeza maneno ya kichwani mwake, kwamba mgeni aliyemo ndani ana haki ya kwanza kuongeza muda, tena kwa bei ile ile. Hakuna aliyemshauri. Aliandika akiwa jikoni, anacheka.

Mwezi wa kumi wazee wawili kutoka ng'ambo waliweka nafasi ya wiki tatu, wakatuma malipo ya awali. Kuanzia hapo fedha yetu ikaanza kuteleza. Walipofika, tarehe 24 mwezi uliopita, dola moja ilikuwa mia na hamsini. Zile elfu tisini za Dada, kwa mgeni zikawa dola mia sita tu. Na lile deni la dola mia nane, ambalo lilikuwa elfu themanini kwa mwezi, kwetu likawa laki na ishirini. Nyumba ile ile, kitanda kile kile, mgeni analipa theluthi pungufu na sisi tunadaiwa nusu zaidi. Hakuna aliyeiba, na nadhani hilo ndilo lililomtesa Dada, kwamba hana wa kumkamata.

Sasa wageni wenyewe. Mzee ni dereva wa treni mstaafu. Mkewe, ambaye nilimwita Bibi na akapenda, alikuwa mshonaji. Si matajiri. Mimi nimefua shuka za matajiri, nawajua. Mzee aliniambia, kwa lugha yetu anayoiokoteza, "Mwaka huu, mara ya kwanza, pesa yetu kubwa." Alikuwa anafurahi kama mtoto aliyepewa nauli akabaki na chenji. Alinunua kofia mbili. Alimnunulia Bibi viatu vya wazi, akamvalisha mwenyewe.

Bibi ana ugonjwa wa mapafu. Ana mashine ya oksijeni, ndogo kama sanduku la nguo, inakaa kando ya kitanda na mrija unafika puani mwake. Inatumia umeme. Akitembea bustanini anaweza kuivua kidogo, lakini akilala lazima awe nayo. Waliichagua nyumba yetu kwa sababu ya umeme. Dada aliandika kwenye tangazo kwamba kuna umeme wa uhakika na jenereta ya akiba. Jenereta ilikuwepo kweli, wakati anaandika. Iliuzwa mwezi wa kumi na mbili ili walipe deni. Turubai lake lilibaki pale pale nyuma ya nyumba, chini yake tukapanga kreti za soda, na kwa mbali huwezi kujua.

Jumatatu ya wiki hii mtu mmoja wa kampuni alimpigia Dada simu. Alitaka nyumba kwa mwezi mzima kuanzia Jumamosi, na analipa kwa dola, mia tisa kwa wiki. Dada alikata simu akapiga goti jikoni akashukuru. Nilimwona. Hakuwa amelala vizuri tangu mwaka mpya, Afande, na wenye mkopo walishakuja mara mbili kuipiga picha nyumba kwa ajili ya mnada.

Jumanne jioni Mzee akaja jikoni kwetu na kofia yake mkononi. Akasema Bibi anapumua vizuri kuliko nyumbani kwao, na kwa kuwa nyumba imekuwa rahisi, wangependa kuongeza wiki mbili. Kama lilivyosema tangazo.

Dada alitabasamu. Mimi nalijua lile tabasamu, nililiona siku mwalimu wangu aliponipiga na yeye akaenda shule kuuliza kwa nini. Akamwambia Mzee kwamba hali imebadilika, aongeze kidogo, alipe sawa na dola mia tisa. Mzee akasikitika kwa kweli, akasema hawana, akasema kwa upole kwamba mapatano ni mapatano. Kesho angeenda mjini kubadilisha fedha alipe wiki mbili zote kwa mkupuo, ili Dada asiwe na wasiwasi. Alidhani anamtuliza.

Mnamo Jumatano tarehe 11, saa saba mchana, Mzee alitoka kwenda mjini kwa teksi. Getini Dada alimuuliza dola leo ni ngapi. Mzee akajibu kwa furaha, "Mia na hamsini na tano!" Hakujua anachokisema anamwambia nani.

Nilikuwa kwenye karo la kufulia, uani. Bibi alikuwa amelala chumbani kwake. Saa nane kasoro dakika chache Dada alikuja, akafungua stoo iliyo karibu na karo, ambamo kuna mita na fyuzi kubwa. Ufunguo wa stoo anao yeye peke yake. Alitoka na fyuzi mkononi, akaifunga kwenye leso, akaitia kwenye mkoba. Feni ya veranda ikapunguza mwendo, ikasimama.

Nilimwambia, "Dada, unafanya nini?"

Akasema, "Nawatoa bila kugombana. Akishalipa zile wiki mbili, hatoki. Umeme ukikosekana na joto hili, mwenyewe atatafuta hoteli leo hii. Mwambie ni watu wa umeme, mtaa mzima umekatika."

"Na mashine ya Bibi?"

"Ina betri."

"Dada, kama haitoshi?"

"Chiriku, wewe unafua au unahutubia? Nimesema ina betri. Niliiona siku wanaingia. Nina watoto wawili na wewe wa tatu, nyumba inapigwa picha kama maiti, na wewe unaniuliza betri." Akafunga kufuli la stoo, akaondoka kwa miguu upande wa barabara kubwa.

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno.

Afande, naomba tusimame kidogo. Nilipoingia humu lile benchi la nje lilikuwa tupu. Sasa kuna mtu amekaa. Yule mwenye gauni la kijani na chombo cha chakula mapajani ndiye Dada. Amemletea mumewe chakula. Naomba kujua, mtu wa nje akitazama kioo hiki anaona ndani?

Afande amesema haoni. Amesogeza kiti changu. Naendelea.

Nilisuuza shuka moja, sikuweza ya pili. Nikaenda kusikiliza mlangoni kwa Bibi. Mashine ilikuwa inafanya kazi, ina taa ya kijani. Bibi alikuwa macho, akaniuliza kwa ishara mbona feni haizunguki. Nikamwambia ni watu wa umeme. Huo uongo niliutoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaniashiria niketi. Nikampepea kwa gazeti. Nikawa najiambia Mzee atarudi sasa hivi, kubadilisha fedha ni kazi ya dakika kumi.

Mzee hakurudi. Baadaye alinieleza kilichomkuta. Mchana ule bei ilikuwa inaruka kila saa, na duka la kubadilishia fedha likafuta ubao. Wakawaambia watu wangoje bei mpya iandikwe. Foleni ilifika barabarani. Wenye dola hawakutaka kuuza kabla hazijapanda zaidi, wenye duka hawakutaka kununua kabla hawajajua. Mzee alikaa kwenye foleni ile amevaa kofia yake mpya, akizungumza na watu.

Saa tisa na dakika kama tano taa ya mashine ilibadilika kuwa nyekundu na mashine ikaanza kulia. Sauti yenyewe si kubwa, ni kama saa ya kuamshia, lakini tangu juzi naisikia nikiwasha jiko, naisikia nikifungua bomba. Bibi aliushika mkono wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba betri ilikuwa ya saa moja na kidogo tu, na kwamba Bibi mwenyewe alijua siku zote.

Nilimpigia Dada. Simu iliita ikakatwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikampigia Shemeji karakana, nikapiga kelele kwamba Dada amechukua fyuzi na Bibi anakosa hewa. Akasema neno moja, "Nakuja." Kutoka kule ni mwendo wa saa nzima, na magari ya mchana.

Nilichukua mtaimbo wa bustanini nikavunja kufuli la stoo. Ndani sehemu ya fyuzi ilikuwa wazi, tundu mbili zinanitazama. Sijui umeme. Niliogopa kugusa. Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikavuta turubai la jenereta, Afande, wakati najua kabisa kilichopo chini yake. Nilivuta tu. Nikaona kreti za soda nikaanza kulia kwa sauti.

Niliporudi chumbani mashine ilikuwa imenyamaza. Midomo ya Bibi ilikuwa imegeuka rangi, na alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anavuta hewa kwa mabega, mabega yanapanda mpaka masikioni. Macho yake yalinifuata kila nilipokwenda. Sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa na hasira, alikuwa ananingoja mimi nifanye kitu.

Ng'ambo ya ukuta wetu kuna kinyozi. Nilipanda kwenye ndoo nikamwita kwa jina baya ninalomwitaga kwa utani, maana ndilo lililonijia. Alikuja na mashine ya kunyolea mkononi. Nikamuuliza kama ana umeme. Akasema anao, kwa nini asiwe nao? Nikamwambia alete waya mrefu. Akarusha waya juu ya ukuta, ukaishia kwenye mpapai wetu. Haukufika hata nusu ya uwanja.

Kinyozi akaruka ukuta pamoja na mteja wake, mtu mzima mwenye povu la sabuni shavu zima. Tukamweka Bibi kwenye kiti cha plastiki, wao wawili wakabeba kiti, mimi nikabeba mashine. Tulizunguka getini. Sijui tulitumia muda gani, kwangu ni kama barabara ilikuwa inarefushwa. Bibi alikuwa mwepesi, mteja alisema hivyo, "Mbona mwepesi hivi?" Kwa kinyozi tukachomeka mashine, ikawaka, ikaanza kupuliza. Nikamwekea mrija puani. Kichwa chake kikaanguka kifuani na hakukiinua tena. Alikuwa anapumua, lakini hakunitazama tena.

Mteja wa kinyozi ana gari dogo la mizigo. Tukampeleka hospitali nimempakata Bibi na povu la mteja limekaukia usoni mwake. Hospitalini walimpokea saa kumi na dakika chache.

Nilirudi nyumbani na kinyozi kufunga milango. Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba chao na mkoba wa hela, kitanda kimevurugika, kiatu kimoja cha Bibi kiko mlangoni. Aliniuliza, "Bibi wapi?" Alikuwa amekwisha kuzitenga hela za wiki mbili kwa ajili ya Dada, ziko kwenye bahasha. Kinyozi ndiye aliyempeleka Mzee hospitali, na hospitali ndiyo iliyowaita ninyi.

Shemeji alifika saa kumi na nusu, vumbi la chuma bado liko nywele zote. Dada alifika baada yake. Nilimwambia Bibi yuko hospitali, hajitambui. Akakaa chini sakafuni palepale alipokuwa, mkoba shingoni. Kisha akainuka, akaenda stoo, akairudisha fyuzi. Feni ya veranda ikaanza kuzunguka. Shemeji alikuwa anatazama. Hawakusemezana hata neno, mpaka askari walipogonga geti saa kumi na mbili kasorobo.

Askari aliuliza nani alizima umeme. Dada alifungua mdomo. Shemeji akamwahi, "Mimi." Akasema alikuwa anatengeneza, hakujua kama kuna mashine ya mgonjwa. Nilipoulizwa nikasema nilikuwa nafua. Ni kweli nilikuwa nafua. Mengine niliyanyamazia.

Lakini Shemeji mchana ule alikuwa karakana. Vijana wake wanajua, tajiri wa geti alilokuwa analichomelea anajua. Mkimuuliza yeyote atawaambia.

Jana asubuhi nilimletea chakula hapa kituoni. Niliomba niseme naye, askari wa zamu akaniruhusu kidogo. Akaniambia, "Chiriku, usiimbe. Watoto wana mama mmoja." Nikamwambia na baba wanaye mmoja. Akasema, "Baba anaweza kungojewa."

Niliporudi Dada aliniita veranda akasema nywele zangu haziko vizuri, nikae anisuke. Nilikaa miguuni mwake kama zamani. Akaanza kusuka. Alikuwa anabana sana, machozi yananitoka, sikuthubutu kusema. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumatano mchana ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema, "Nafua."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Nani aliingia stoo?"

Akavuta msuko. Akasema, "Rudia tangu mwanzo."

Tulirudia mpaka kichwa kizima kikaisha. Kila nikikosea anavuta. Alipomaliza alinipaka mafuta mstari kwa mstari, taratibu, akaniambia, "Mimi nikienda, wewe unakwenda wapi?" Hakunitisha, Afande. Lilikuwa swali. Hapo ndipo nilipomwogopa dada yangu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Usiku nilifunga mlango wa chumba changu kwa kitasa, kitu ambacho sijawahi kukifanya, na mtoto aliyelala kwangu akauliza tunamfungia nani.

Jana alasiri nilikwenda hospitali. Mzee yuko nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, hajabadilisha shati. Aliniambia kosa ni lake. Alisema kama angekubali kulipa zile dola mia tisa, yote haya yasingetokea, na kwamba alifurahia mno pesa yake kuwa kubwa. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumbeba mkewe. Akauliza kama najua ni kwa nini yule fundi mpole alizima umeme.

Nilitoka nikamwacha pale na swali lake. Ndiyo sababu niko hapa leo.

Sikuahidiwa kitu wala sikutishwa na askari yeyote. Yote niliyoyasema yamesomwa kwa sauti mbele yangu na ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: (tazama maelezo ya ofisa)

MAELEZO YA OFISA

Nilimaliza kumsomea shahidi saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kabla hajatia saini, simu iliingia kutoka hospitali. Mgonjwa alikuwa amefariki saa nne na nusu. Nilimweleza shahidi kwa kuwa ni haki yake, na nikamweleza pia kwamba shauri sasa si la kuhatarisha maisha tena, ni la kifo, na kwamba aliyetajwa humu atashtakiwa hivyo.

Shahidi akauliza, "Watamnyonga?" Nikamjibu kwamba hilo si la kituo, ni la mahakama. Akauliza kama karatasi hizi ni zangu au ni zake. Nikamjibu kwamba kabla ya saini bado ni zake. Nilimwachia karatasi na kalamu mezani nikasimama mlangoni, mgongo kwake.

Alitia saini kila ukurasa. Chini ya ukurasa wa mwisho aliongeza kwa mkono wake mwenyewe, nami nimeyanakili yalivyo: "Dada aliposema ina betri, aliamini. Aliyenilea ni yeye, namjua akidanganya na namjua akiamini. Hili nalo ni kweli kama yale mengine, lisikatwe."

Halijakatwa.

Aliyetajwa bado yuko kwenye benchi la nje na hajui lililosemwa. Ameshauliza mara mbili kwenye dirisha la mapokezi kama mdogo wake ameonekana hapa. Nimetuma askari wawili wa kike.

Shahidi ameomba atolewe kwa mlango wa nyuma. Kituo hiki hakina mlango wa nyuma.

Sajenti wa zamu, upelelezi
Saa tano na dakika tano asubuhi